MAFUNDI WA CHUO KIKUU NAO WAHESABIWE



Neno "chuo" sisi twalijua tangu utoto: jamvi, juzuu, na mwalimu mbele yetu. Wala mwalimu hakuwa peke yake. Alikuwapo mwanafunzi mkubwa aliyewasikiliza wadogo, na alikuwapo aliyeteka maji na kutandika majamvi. Mwalimu alipoumwa, chuo hakikufungwa. Leo twataka kusema juu ya chuo cha namna nyingine, Chuo Kikuu cha sayansi na uhandisi, kwani huko nako watu humtazama aliyekaa mbele wakawasahau walio pembeni.

Mwaka 1897, huko Cambridge, Uingereza, Profesa J. J. Thomson alitangaza habari za chembe iliyo ndogo kuliko atomu, ambayo leo huitwa elektroni. Mwaka 1906 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini profesa huyo, mwenye akili nyingi, alikuwa mzito wa mikono, na vyombo vya kioo havikuwa salama mbele yake. Aliyevitengeneza ni fundi wake tangu mwaka 1887, Ebenezer Everett. Yeye ndiye aliyepuliza kioo motoni, na hewa ya ndani ikatolewa mpaka chombo kikawa karibu kitupu. Hertz wa Ujerumani alikuwa amekwisha kujaribu kuupinda mwale ule kwa umeme asiweze, kwa kuwa hewa iliyobaki chomboni mwake ilikuwa nyingi mno. Basi sisi tulio na mizani dukani twauliza: hapo ipi iliyokuwa nzito, kazi ya kufikiri au ya kupuliza kioo? Hazitengeki.

Uingereza yenyewe ilichelewa kulikubali jambo hili. Ni mwaka 2017 ndipo vyuo vikuu vyake vilipoanza kutia saini ahadi ya kuwatambua mafundi wao na kuwafungulia njia ya kupanda vyeo. Na hata sasa, takriban thuluthi mbili ya wale walioajiriwa huko kwa utafiti tu wamo katika mikataba ya muda. Fedha ya mradi ikiisha, na kazi imekwisha. Mtu huizoea mashine miaka mitatu, kisha akaagana nayo. Mwenye duka akibadili karani kila mwaka, daftari la madeni atalisoma nani?

Tuje kwetu. Novemba 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India, ile ya Madras, ilifungua tawi lake Bweleo, la kwanza nje ya India. Tunayo SUZA, na tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyo hapa tangu 1978. Hatuna kinyongo na mgeni ajaye na elimu. Visiwa hivi vimewapokea wengi. Ila tunasikia habari za wanafunzi na maprofesa, na za fundi wa maabara hatuzisikii.

Wakubwa watwambie: nafasi hizo ni ngapi? Wangapi waliozipata ni vijana wa Unguja na Pemba, na kwa ajira ya kudumu au ya mwaka mmoja mmoja? Nani anayewafunza? Kijana wa Wete mwenye cheti chake cha ufundi asiambiwe kwamba pahala pake ni kulinda geti.

Makatibu wa matawi tunawaomba waandike majina ya vijana wenye vyeti hivyo waliokaa bila kazi, wayalete afisini kabla ya toleo lijalo.