Hisani ya Mackinnon isomwe pamoja na daftari la Rabai

Mpaka unaopita kusini mwa Muhuru Bay ni matokeo ya mapatano ya 1886, Mwingereza na Mjerumani walipogawana nchi kwa mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, kwenye latitudo ya digrii moja kusini. Upande wa kaskazini uliangukia kampuni ya Imperial British East Africa (IBEA), iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kuongozwa na Sir William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Campbeltown, Uskoti. Jina lake lilipewa meli ya mvuke iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900, na bado lipo Mackinnon Road. Anasifiwa pia kwa utu: yeye na wenzake ndio waliogharimia misheni ya Kiskoti ya Kibwezi mwaka 1891, iliyohamia Kikuyu mwaka 1898 na kuzaa kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki (PCEA).

Sifa yake kuu kuliko zote ni Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa. Tarehe 1 Januari 1889, watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia vituo vya misheni walipewa hati za uhuru. Kampuni ilitoa fedha, Serikali ya Uingereza na wamisheni wakachangia. Lakini fedha hizo walipewa mabwana. Waliolima mashamba ya pwani bila ujira waliambulia karatasi, nao walikuwa wamekwisha kujikomboa kwa miguu yao wenyewe. Ndivyo Bunge la Uingereza lilivyofanya kwa sheria ya 1833: pauni milioni 20 kwa wenye watumwa, Waskoti wengi wa mashamba ya Karibi wakiwemo, na watumwa wasipate hata senti.

Watetezi wa Mackinnon husema kwamba bila malipo yale mabwana wangeivamia misheni na damu ingemwagika. Hatari hiyo ilikuwepo kweli, na sidharau maisha yaliyookolewa. Hata hivyo, kampuni iliyotawala pwani kwa idhini ya Sultani wa Zanzibar ilihitaji urafiki wa wenye mashamba hao hao. Ilinunua amani ya biashara yake, na hilo tusiliite sadaka tupu.

Wengine husema tusimhukumu kwa vipimo vya leo. Basi tumpime kwa vya wakati wake. Biashara ya watumwa baharini ilikuwa imepigwa marufuku Zanzibar tangu 1873, na soko lake kufungwa. Miaka 14 baadaye, kamati aliyoiongoza Mackinnon ilimtuma mpelelezi Stanley kumwokoa gavana Emin Pasha. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliwekewa mkataba wa kutafuta wapagazi, na wengi wa wapagazi waliochukuliwa Zanzibar walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Mackinnon hakukosa habari za utumwa. Aliuchukia hadharani na kuutumia ulipomfaa.

Simwambii mtu akatae shule au kanisa lililotokana na fedha zake. Sanamu yake iliondolewa Mombasa ikarudishwa Uskoti, lakini kuondoa sanamu hakumfundishi mtoto chochote. Walimu wa Muhuru Bay, mnapofundisha habari za IBEA, wafundisheni wanafunzi pia Rabai: nani alilipwa, na nani hakulipwa. Na Rabai kwenyewe, serikali iandike ukutani majina ya wale walioachwa huru, kila jina linalopatikana katika kumbukumbu, kabla ya jina la aliyetoa fedha.