Kaa Si Mkali, Keja Ndiyo Ndogo

"Wacha wapigane bana, ni kaa tu."

Hivyo ndivyo rafiki yangu alivyonijibu Jumapili moja asubuhi, nilipompigia simu nikiwa nimeshika kiguu cha kaa kilichokatika. Kwenye beseni langu mlikuwa na kaa watatu niliowabeba kutoka Kilifi. Mkubwa alikuwa amevaa kome ambalo usiku uliotangulia lilikuwa la mdogo. Mdogo alikuwa uchi kando ya beseni, hana gando moja wala mguu mmoja. Wa tatu alikuwa amejifukia kwenye mchanga usiozidi vidole vinne. Nikakubali nilichoambiwa: kaa ni wakali, ndiyo asili yao.

Leo naipinga kauli hiyo. Ni uongo unaotufaa sisi tunaowafuga.

Namzungumzia yule kaa wa nchi kavu anayebeba nyumba mgongoni. Nitamwita kaa wa kome. Tumbo lake ni laini kama kidole cha mtoto na halina gamba gumu la kulikinga, kwa hiyo huishi ndani ya kome lililoachwa na konokono wa baharini aliyekufa. Hawezi kulijenga mwenyewe. Kila anapokua, lazima atafute lingine. Msee yeyote aliyewahi kusaka keja Nairobi mwisho wa mwezi anaijua hali hiyo.

Ufuoni, kome kubwa likitupwa na mawimbi, kaa wanaweza kukusanyika na kujipanga kwa ukubwa. Wa kwanza akiingia nyumba mpya, wa pili anachukua aliyoiacha, wa tatu anachukua ya wa pili, hadi mdogo kabisa. Kome moja linahamisha mtaa mzima. Sisemi kwamba huko kuna amani tupu. Wananyang'anyana pia, na mwenye kome zuri anaweza kuvutwa nje kwa nguvu. Lakini anayeshindwa ana ufuo mzima wa kukimbilia, na makome mengine ya kujaribu. Kwenye beseni langu kulikuwa na kaa watatu na makome matatu, basi. Mkubwa alikuwa amebanwa na kome lake, na nafasi pekee iliyomfaa ilikuwa na mtu ndani. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Kaa aliyefungiwa bila kome la akiba akimvua mwenzake, kosa ni la landilodi, na landilodi nilikuwa mimi.

Na hilo halikuwa kosa langu la pekee. Kaa huyu anapumua kwa matamvua, kama samaki, isipokuwa yake yamezoea hewa, tena hewa yenye unyevu. Yakikauka, anakosa pumzi polepole, kwa siku nyingi, na wewe unadhani amelala. Anataka unyevu wa asilimia 75 hadi 85 na joto la nyuzi 24 hadi 29. Sasa niambie, Nairobi ya Julai, usiku wa nyuzi 12, dirisha halifungi vizuri, unyevu huo unatoka wapi? Nilikuwa nimewaweka karibu na televisheni ili wageni wawaone.

Halafu kuna kujivua gamba. Ili kaa akue lazima ajizike mchangani, avue gamba la zamani na kulila apate chokaa ya kukazia jipya. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na kwa kaa mkubwa inaweza kuchukua miezi. Wakati huo mwili wake ni laini, na harufu yake huwavutia wengine. Mchanga ukiwa mfupi wanamfukua na kumla. Yule wangu wa tatu ndivyo alivyokwisha. Wengi wanasimulia kisa kama hicho kwa msisimko, eti kaa ni wala watu wao. Hawasemi mchanga ulikuwa na kina gani.

Yule mdogo naye nilimuua kwa huruma. Nilimpaka dawa ya vidonda vya binadamu, nikamweka kwenye sahani kavu juani "apate nguvu". Hakumaliza siku mbili.

Kwa hiyo, kama tayari unaye kaa nyumbani na amejeruhiwa, nisikilize. Usimpake kitu. Mguu ukikatika kwenye kiungo, mara nyingi ameuachia mwenyewe, na kuna utando unaoziba pale ili asiishiwe damu. Damu yake si nyekundu, ina shaba, kwa hiyo usisubiri kuona wekundu ndipo uamini ameumia. Mtenge kwenye chombo chake chenye joto na unyevu uleule, mahali penye giza, na mchanga wa kujizika. Mpe maji ya aina mbili: matamu, na ya chumvi ya bahari, si chumvi ya kupikia. Yote yawe yametolewa klorini. Mpe chakula na maganda ya mayai yaliyosagwa. Kama hana kome, suuza makome mawili matatu ya saizi yake kwa maji hayo ya chumvi, yaweke karibu naye, kisha ondoka. Usimlazimishe kuingia. Akitulia, pale mguu ulipokuwa patachipuka kijimfuko kama jeli, na akijivua gamba mguu mpya hutokea, mara nyingi mdogo kuliko wa kwanza. Mwili wake unajua kazi. Yako ni kumpa mahali pa kuifanyia.

Wapo watakaosema kaa hasikii uchungu. Mwaka 2009, Robert Elwood na Mirjam Appel wa Chuo Kikuu cha Queen's kule Belfast walichapisha utafiti juu ya kaa wa kome wa baharini. Waliwapiga shoti ndogo za umeme ndani ya makome yao. Waliokuwa kwenye kome la aina wasiyoipenda sana walitoka kwa wingi zaidi kuliko waliokuwa kwenye kome zuri. Maana yake kaa alikuwa anapima: maumivu haya, na nyumba hii, kipi kizito? Uingereza iliwaingiza kaa na jamaa zao kwenye sheria ya wanyama wenye hisia mwaka 2022. Sisi bado tunawatia kwenye chupa ya soda na kupanda nao gari la moshi.

Na usijitoe kwenye kesi hii kwa kusema hufugi kaa. Yale makome yaliyopangwa kwenye rafu yako, uliyonunua ufuoni au kuokota ukitembea, yalikuwa nyumba. Ndani ya hifadhi zetu za bahari, kama Malindi na Watamu zilizoanzishwa 1968, kuyachukua ni marufuku. Nje ya hifadhi tunayabeba kwa mifuko, halafu tunawapiga picha kaa waliojibana ndani ya vifuniko vya chupa na kuandika "cute". Hapana. Huyo amekosa nyumba kwa sababu yako na yangu.

Rafiki yangu bado ana swali moja: mbona yule mkubwa, muuaji, sikumtupa? Bado ninaye, huu ni mwaka wa tatu. Sasa anaishi kwenye tangi la kioo lenye kifuniko, mchanga uliochanganywa na makumbi ya nazi wenye kina cha shubiri nzima, na makome 12 matupu. Baadaye jirani aliyekuwa anahama aliniachia kaa wake wawili waliokuwa wanakauka kwenye bakuli. Niliogopa, nikakesha usiku wa kwanza na tochi. Muuaji aliwagusagusa kwa vipapasio, akaenda zake kukagua makome matupu. Tangu siku hiyo hakuna mguu uliokatika.

Hata hivyo sikushauri uniige. Kaa hawa hawazaliani kirahisi kwenye tangi, kwa hiyo karibu kila unayemwona akiuzwa popote duniani ametolewa ufuoni. Wanaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Mikononi mwetu wengi hawamalizi mwaka. Ukienda Kilifi, chuchumaa mchangani jioni uwatazame wakihama nyumba, kisha rudi Nairobi mikono mitupu. Na kome ulilolipenda, liache hapohapo juu ya mchanga, mdomo wazi. Kuna mtu analitafuta.