Friza ya jirani na fundi wa nyuzi -40

Najua nimepotea, UE ilinikaba mpaka huku kukaota utando. Leo nimerudi na hasira kidogo, mtanivumilia.

Jirani yangu wa geto (tumepanga nje ya chuo, milango inatazamana) alinunua friza ya mtumba kwa hela ya bumu. Anauza barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto wa mtaani, na ndiyo inayomlisha bumu likikata. Shida yake ni moja: lita 20 anazoweka asubuhi, jioni bado ni uji uji. Juzi akaita fundi. Fundi akachungulia nyuma, akatikisa kichwa kama daktari, akasema, "Mdogo wangu, hii imetengenezwa iishie -18. Nikikaze skrubu ya themostati na kubadilisha gesi, nakufikisha -40. Hata gesi ya mtungi wa jikoni inafaa, mbona."

Jirani akanigeukia: "We si ndo unasoma uhandisi?"

Nikamwambia asimpe hata mia. Fundi akanuna, jirani naye akanuna, eti namzibia riziki. Sasa nijitetee hapa.

Kwanza hiyo -40. Friza ile ina gesi ya R134a, imeandikwa kwenye kibati cha kompresa. Gesi hiyo kwa presha ya kawaida ya hewa inachemka kwenye nyuzi -26. Ukitaka ichemke kwenye -40, kompresa inabidi ivute mpaka presha ndani ya bomba iwe kama nusu ya presha ya hewa ya nje. Hapo pakiwa na katundu kadogo tu, si gesi inayotoka, ni hewa inayoingia, na unyevu wake unaenda kuganda kwenye ule mrija mwembamba wa kapilari. Kwaheri friza. Halafu gesi ikiwa nyepesi hivyo, kila mzunguko unabeba joto kidogo zaidi. Yaani ukiilazimisha ishuke chini, inapoza TARATIBU zaidi, si haraka zaidi. Friza za maabara zinazofika -80, kama zilizotunza chanjo ya Pfizer mwaka 2020 na 2021, kwa kawaida zina mifumo miwili ya gesi, mmoja unaupoza mwenzake. Si mambo ya bisibisi.

Na skrubu ya themostati? Kazi yake ni kuamua kompresa izime lini. Ukiikaza sana, kompresa haizimi kabisa. LUKU inakula, nguvu haijaongezeka hata chembe.

Lakini iliyonitoa jasho ni gesi ya jikoni. Ni kweli kuna friza za kisasa zinatumia gesi zinazowaka, R600a na R290, sikatai. Ila hizo gesi zimesafishwa na kukaushwa, kipimo chake kwenye friji ya nyumbani hakizidi gramu 150, na swichi zake zimetengenezwa zisiwashe gesi ikivuja. Ya jirani haikutengenezwa hivyo, themostati yake inaweza kutoa cheche kila ikiwaka na kuzima. Propeni ikifika asilimia 2 hivi ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha. Na ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni. Jirani analala wapi? Godoro lipo chini, hatua mbili kutoka kwenye friza. Mimi nalala ng'ambo ya korido. Sasa niambieni nani anamzibia nani riziki.

Tatizo halikuwa baridi kabisa. Nilichukua kalamu. Lita 20 za maji ya nyuzi 28, kuyafikisha sifuri, kuyagandisha, kisha kuyashusha mpaka -18, unatoa kama kilojuli 9,800. Tuseme friza inatoa joto kwa wati 100: ni saa 27! Hapo hujahesabu mlango unaofunguliwa kila mtoto akija na mia mbili yake. Angeweka lita 5 kwa awamu, angelala na hela mfukoni.

Halafu kuna viwanda vya barafu, vile vya mabonge ya wavuvi. Wengi wanadhani kule kuna baridi ya ajabu. Wapi! Makopo ya maji yanazamishwa kwenye maji ya chumvi ya nyuzi -10 hivi. Kimiminika kinavuta joto haraka kuliko hewa, basi. Kwa hiyo tukachukua ndoo ya plastiki, kilo 3 za chumvi kwa lita 10 za maji, tukaiacha ndani ya friza siku nzima mpaka ikapoa. Kwenye -18 maji hayo hayagandi. Vifuko vya ubuyu vilivyofungwa vizuri vinazamishwa humo, vichache vichache, vikitoka vinasuuzwa. (Chumvi isimwagike kwenye bati, itakula kutu.) Friza yenyewe tumeisogeza kutoka ukutani, vumbi la nyuma tumelipangusa, na mpira wa mlango uliokuwa unapitisha hewa amebadilisha.

Vifuko vya kwanza viliganda kabla hatujamaliza kubishana mechi. Jirani bado hajasema asante, ila jana kaniletea barafu mbili za ukwaju. Moja ilikuwa na chumvi kidogo.