Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Elimu wa Kaunti za Kitui na Makueni

Waheshimiwa Wakurugenzi,

Fungueni daftari la insha la mwanafunzi wa Gredi ya 5, awe wa Mutomo au Kathonzweni. Aghalabu mtakuta umande umetanda, ndege wanaimba na jua linachomoza mashariki. Kiangazi chote mtoto huyu hajaona umande. Alichoona ni mama yake akifukua mchanga wa mto mkavu mpaka maji yachuruzike, ila hilo haliandiki kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Wa kumuuliza wameketi naye dawati moja. Nafundisha Kiswahili, na huwaachia wanafunzi wangu wabadilishane madaftari kabla sijayagusa. Kila mmoja humwambia mwenzake alipopapenda, alipopotea, na jambo analotaka kulijua zaidi. Msichana mmoja aliulizwa na jirani yake, kwa Kikamba, walichimba hadi wapi. Akafuta umande wake, akaandika kwamba shimo lilimfika kiunoni na punda walikuwa wakingoja zamu. Sentensi hiyo isingetoka kwa kalamu yangu nyekundu.

Wapo wanaohofia kwamba watoto wataambukizana makosa. Tahajia na sarufi nazibeba mimi. Wao nawaomba wawe wasomaji tu. Kucheka kazi ya mwenzako hakuruhusiwi, na hilo hufundishwa wiki za mwanzo kwa subira, la sivyo mtoto mnyonge hufunga daftari asilifungue tena.

Miongozo ya KICD, taasisi ya ukuzaji wa mitaala, inataka wanafunzi wasomeane kazi zao na kuzitathmini. Darasani hali ni nyingine. Katika darasa la watoto 50, kila insha ikipewa dakika 5, usahihishaji unapita saa 4, ilhali kipindi ni dakika 35. Mwalimu hupiga vema na kufungua ukurasa mpya, insha ikafia hapo. Tena, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na insha ya dakika 40, lakini KPSEA, tathmini ya Gredi ya 6, ilipoanza mwaka 2022 ilikuja na maswali ya kuchagua jibu. Lisilotahiniwa hupuuzwa haraka.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Ruhusuni insha moja ichukue vipindi viwili, cha kuandika na kusomeana, kisha cha kuandika upya. Na wakaguzi wenu wanapokuja, wasimhesabie mwalimu uzembe kwa kuona ukurasa uliokatwakatwa, wenye maswali ya mtoto mwingine pembeni na usio na wino mwekundu. Wausome pamoja na nakala ya pili, walinganishe. Hilo halihitaji fedha wala vitabu vipya. Linahitaji waraka kutoka ofisi zenu, ufike shuleni kabla ratiba za muhula ujao hazijapangwa.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili, shule ya msingi ya umma, Makueni