Fundi wa Nyumbani: Garimoshi la Mtoto Lisitupwe

Watoto wetu wa Kabezi hukua wakiujua mtumbwi wa mvuvi na lori la barabara ya Rumonge. Garimoshi hulijua kwa kusikia tu. Reli ya Kigoma ilifika ziwani mwaka 1914, lakini hiyo iko kwa jirani zetu Watanzania. Na reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati ujenzi wake ulizinduliwa Agosti 2025. Kwa hiyo baba askari arudipo likizo na garimoshi dogo la betri mkobani, nyumba nzima hukusanyika kulitazama.

Baba hurejea kambini, na baada ya miezi michache garimoshi hukoroma, husita, kisha husimama. Watu husema limekufa. Mara nyingi halikufa, limechafuka tu. Kwa mtoto ambaye baba yake yuko mbali, kile si kichezeo tu, na haifai kukitupa kabla ya kukichunguza.

Kwanza, kipindue kichwa cha garimoshi, magurudumu yatazame juu, kisha washa. Yakizunguka vizuri hewani lakini yakakwama relini, kosa liko kwenye reli au mzigo ni mzito. Yakizunguka kwa shida, kuna uchafu kwenye ekseli. Kukiwa kimya kabisa, anza na betri.

Toa betri zote. Ukiona unga mweupe au kutu ya kijani kwenye vibati vinavyozigusa, betri zimevuja. Usiuguse unga huo kwa vidole. Futa kwa pamba iliyoloweshwa siki au maji ya ndimu, kausha vizuri, kisha sugua kidogo kwa msasa laini mpaka chuma king'ae. Tia betri mpya zote pamoja. Usichanganye mpya na kuukuu. Betri zilizotolewa zisiachwe mikononi mwa watoto, hasa zile bapa zilizo kama kifungo. Mtoto akimeza moja humchoma koo kwa ndani, naye apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili.

Pili, tazama ekseli. Utakuta nywele na nyuzi za mkeka zimejizungusha hapo. Zikate kwa wembe kwa uangalifu, uzivute kwa sindano. Mchanga wa ufukoni uondoe kwa mswaki mkuukuu ulio mkavu. Usioshe kwa maji, wala usitumie petroli, kwani huweza kuharibu plastiki. Ukilazimika kufungua mfuniko, panga skrubu kwenye sahani kwa utaratibu ulivyozitoa.

Tatu, mafuta. Hapa ndipo wengi hukosea, maana mawese hayakosekani jikoni. Mawese ni ya mboga, si ya mashine: huganda, hunata na kukamata mchanga, na gia zikakwama zaidi kuliko mwanzo. Tumia mafuta ya cherehani. Chovya ncha ya sindano, gusa pale ekseli inapoingia kwenye tundu lake, basi. Askari watanielewa upesi, kwa sababu bunduki iliyojazwa mafuta hukusanya vumbi. Sehemu ya gurudumu inayokanyaga reli isipate hata tone, la sivyo garimoshi litateleza papo hapo.

Nne, reli. Itandike juu ya ubao au meza iliyo sawa, si juu ya mkeka wala mchangani. Pitisha kidole kwenye kila kiungo. Kikikwaruza, gurudumu nalo litajikwaa hapo. Kama ni la aina inayopokea umeme kutoka relini, futa reli na magurudumu kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa uchafu huzuia umeme.

Mwisho, liache litembee dakika chache bila mabehewa, mafuta yaenee. Kisha funga behewa moja, halafu la pili. Likianza kusita, punguza.

Akina mama, kazi hii haihitaji kumngoja baba. Mpeni mtoto mkubwa bisibisi na mswaki, mkae karibu naye, wembe mkiushika ninyi wenyewe. Baba apigapo simu, ataambiwa kwamba garimoshi linatembea, na nani amelitengeneza.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya redio inayokoroma.