Wake wawili wa Eritrea

Jamani, mpaka leo kuna wasomi wazima wanaoniapia kwamba serikali ya Eritrea iliamuru kila mwanamume aoe wake wawili, akikataa jela. Si kweli. Haijawahi kuwa kweli hata siku moja.

Habari hiyo ilivuma Januari 2016 kutoka Crazy Monday, ukurasa wa udaku wa Kenya. Maelezo yake matamu: eti wanaume wengi walikufa katika vita na Ethiopia, wanawake wakabaki bila waume. Vita vyenyewe vilikuwepo, 1998 hadi 2000, na ujanja uko hapo, maana uongo uliochovywa kwenye ukweli humezwa bila kutafunwa. Kufumba na kufumbua iko Lagos, iko Johannesburg, vijana wanaulizana nauli ya Asmara. Eritrea wakakanusha. Nani alilisambaza kanusho? Mwaka 2019 hadithi ile ile ikahamia Eswatini, safari hii mfalme ndiye aliyeamuru! Nako wakakanusha.

Najua utasema acha hizo, ni utani tu. Haya bwana, utani. Sasa nitajie sheria moja ya kweli ya Eritrea unayoijua.

Huna? Basi kuna hii ya utumishi wa taifa, ya mwaka 1995. Kwenye karatasi ni miezi 18. Tangu vita vile, vijana wengi wamewekwa humo miaka na miaka bila kuambiwa watatoka lini, ndiyo maana wanaikimbia nchi, na wengine wanafia jangwani na baharini. Hao ndio wanaume tuliokuwa tunawaonea wivu.

Na kwa nini hatusikii habari zao? Septemba 2001 serikali ilifunga magazeti yote binafsi, ikawakamata wahariri na waandishi. Dawit Isaak ni mmoja wao. Hajawahi kufikishwa mahakamani. Yaani wenzetu wamezibwa midomo, halafu sisi wenye nafasi ya kuandika tunawatungia kichekesho na kukiita habari. Mimi ndicho kinachonikera, kuliko hata uongo wenyewe.

Wala kuhakiki hakukuhitaji safari ya Asmara. Ubalozi wa Eritrea uko hapo hapo Nairobi, ni simu moja tu.

Anayetaka kunitumia tena ile ya wake wawili, aambatanishe na habari moja ya Dawit.