Sabuni, Nta na Maji: Somo Lililo Mlangoni pa Shule

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa sababu ya sabuni kuondoa mafuta, aghalabu hujibu bila kusita: molekuli ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia uchukiao maji. Jibu hilo hupewa alama zote. Lakini akiulizwa tena kwa nini mkia uyachukie maji, hunyamaza. Na pengine mwalimu wake naye hunyamaza. Hapo ndipo somo lingepaswa kuanza, na hapo ndipo mara nyingi linapokoma.

Ulyankulu, katika Mkoa wa Tabora, ni mahali pafaapo kuliendeleza somo hilo. Nchi hii ilikuwa sehemu ya himaya ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, si mbali na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Mwaka 1972 yalianzishwa huko makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Wakazi wake hulima tumbaku, na misitu ya miombo huwapa asali na nta. Shule ya mahali kama hapo yaweza kukosa maabara. Haiwezi kukosa nta, maji na kipande cha sabuni.

Mwalimu na apake nta iliyoyeyushwa juu ya kibao, aiache ipoe, kisha adondoshe tone moja la maji. Tone litasimama mviringo mfano wa ushanga. Akiligusa kwa ncha ya kijiti kilichochovywa katika maji ya sabuni, litatandaa mara moja. Mkulima naye hukutana na jambo hilo shambani, kwa kuwa jani la mmea lina utando wa asili ya nta, na maji matupu huviringika juu yake na kuanguka. Ndiyo maana dawa nyingi za kunyunyizia mimea hutiwa vitu vya jamii ya sabuni, ili zitandae na kushika.

Sababu yake ni hii. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa viungo vya haidrojeni. Iliyo katikati huvutwa na jirani zake wa pande zote. Iliyo juu kabisa haina jirani upande wa hewani, hivyo huvutwa ndani. Uso wa maji hukaza, na katika nyuzi 25 za Selsiasi mkazo huo hufikia nyutoni 0.072 kwa mita. Molekuli za sabuni zikitiwa, hukimbilia usoni na kujipanga, vichwa vikiwa majini na mikia ikielekea hewani. Mkazo hushuka hadi kiasi cha nyutoni 0.03 kwa mita.

Uso ukijaa, sabuni inayozidi haipati tena nafasi huko. Hapo molekuli hukusanyika ndani ya maji katika vifungu vidogo viitwavyo misela, mikia ikiwa ndani na vichwa nje. Wazo hilo lilitolewa na J. W. McBain mwaka 1913. Kwa sodiamu dodesili salfeti, itumikayo katika shampuu na dawa za meno, misela huanza kutokea panapokuwa na gramu 2.3 hivi katika lita moja ya maji. Tangu hapo kuongeza dawa hakuushushi tena mkazo wa uso, bali huongeza misela, na ndani ya misela ndimo mafuta ya uchafu hupata makao yakachukuliwa na maji.

Je, mkia huchukia maji? La. Hata molekuli za mafuta ya taa huvutana na za maji, ingawa kwa nguvu ndogo. Ukweli ni kwamba maji hushikana mno yenyewe kwa yenyewe. Molekuli za maji zinazouzunguka mkia haziwezi kuufunga kwa viungo vya haidrojeni. Hulazimika kujipanga kwa namna maalumu ili zisiachane na wenzao, na uhuru wao wa kugeukageuka hupungua. Mikia ikikusanyika pamoja, maji hayo hufunguliwa na kurudia uhuru wake. Basi katika joto la kawaida, kinachoiunda misela hasa ni uhuru wa maji, wala si chuki ya mkia. Neno “chuki” ni mkongojo tu wa kumbukumbu, nao mwanafunzi akiachwa nao maisha yake yote hatajifunza kutembea.

Jambo hili lina faida nyumbani pia. Maji yenye chumvi za kalsiamu na magnesi huikamata sabuni na kuigeuza utando mzito usioyeyuka. Fedha iliyonunulia sabuni hiyo imepotea kabla nguo haijatakata. Wanafunzi waweza kulipima wenyewe. Wayeyushe sabuni ya mche kidogo katika maji ya mvua, kisha wajaze chupa mbili kwa kiasi sawa, moja maji ya mvua, nyingine maji ya kisima. Watie maji ya sabuni tone baada ya tone, wakitikisa, mpaka povu lidumu dakika tano, nao wahesabu matone. Kisha warudie kwa maji ya kisima yaliyochemshwa, kupozwa na kuchujwa. Hesabu ikipungua, watakuwa wamejua kwamba sehemu ya ugumu wa maji yao huondoka kwa moto.

Huenda pakasemwa kwamba mtihani hauulizi mambo hayo, na kwamba sayansi bila vifaa ni maneno matupu. Hoja ya kwanza ina uzito, kwani mwalimu hupimwa kwa matokeo ya wanafunzi wake. Lakini mwanafunzi aelewaye sababu hashindwi kuyajibu maswali ya mtihani. Hoja ya pili ilikwisha kujibiwa na Agnes Pockels wa Ujerumani. Hakusoma chuo kikuu. Akiwa nyumbani akiwatunza wazazi wake, alipima uso wa maji kwa chombo alichokibuni mwenyewe. Barua yake kwa Lord Rayleigh ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891, na kazi yake ikawa msingi mmojawapo wa elimu ya nyuso za maji.

Hapana budi, basi, shule zidai vifaa, kwa kuwa ni haki yao. Lakini wakati vikingojewa, kibao cha nta na chupa mbili za maji visikae bure. Mwanafunzi aliyehesabu matone kwa mkono wake hatahitaji kuambiwa kwamba sayansi inahusu kisima cha kijijini kwao.